Siri za Biashara na Njia Zipitazo

Maudhui ya mazungumzo yetu ya leo ni hifadhi ya siri za biashara zinapopita katika intaneti, na hasa ile njia ijulikanayo kwa herufi zake tatu, VPN, yaani mtandao wa faragha ujengwao juu ya mtandao wa watu wote. Najua kwamba wengi wenu mmelisikia jina hilo vinywani mwa vijana wanaotaka kutazama mpira au filamu zilizozuiliwa katika nchi zao, na wengine mmelisikia katika matangazo ya serikali likitajwa pamoja na faini. Lakini asili ya jambo lenyewe si anasa wala si ukaidi, bali ni haja ya watu wa biashara, na haja hiyo ni kongwe kuliko kompyuta yoyote iliyopata kuundwa.

Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini hata Durban, na tangu hapo tajiri wa karafuu aliyezoea kungoja meli majuma kadhaa ili apate habari za bei za ng'ambo akaweza kuzipata upesi mno. Ilikuwa neema kubwa, ila neema hiyo ilikuja na ila yake: barua iliyotiwa lakiri husomwa na mpelekewa peke yake, ilhali simu ya maandishi ilisomwa na karani aliyeipokea, na karani aliyeipitisha, na karani aliyeinakili mwisho wa safari, na kila mmoja wao alikuwa na macho, na masikio, na pengine shemeji mwenye duka. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa dunia nzima walitumia vitabu vya mafumbo, ambamo neno moja lisilo na maana lilisimama mahali pa sentensi nzima, kama kununua magunia kadha kwa bei kadha wa kadha. Na kwa kuwa simu ililipiwa kwa hesabu ya maneno, fumbo lilipunguza gharama pia. Kitabu kimoja mashuhuri cha namna hiyo, cha Bentley, kilitolewa mwaka 1906. Lakini kitabu kinachouzwa dukani hakimfichi mtu mbele ya yule aliyekinunua, na wenye siri nzito hawakuwa na budi kutunga vitabu vyao wenyewe na kuvifungia kabatini.

Hata fumbo la kujitungia lina adui wake. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi yaliyofichwa, akaeleza kwamba katika kila lugha zimo herufi zinazojirudia kuliko nyingine, hivyo mwenye subira ya kuhesabu huweza kuzitambua hata zikibadilishwa sura. Msikilizaji aweza kulijaribu jambo hili mwenyewe: achukue ukurasa wa gazeti la Kiswahili, ahesabu herufi moja moja, ataona kwamba herufi a huzishinda zote, basi mtu akiigeuza kila a kuwa k na kudhani amejificha, amejidanganya, kwa maana k hiyo itajaa katika barua yake mpaka iseme yenyewe. Elimu ya mafumbo ya zama zetu, ambayo mafundi huiita usimbaji, imejengwa ili hesabu ya al-Kindi isipate pa kushika. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walionyesha njia ya hesabu ambayo kwayo watu wawili wasiopata kuonana huweza kuafikiana ufunguo wa siri huku adui akisikiliza kila wanaloambiana, naye asiambulie kitu. Na mwaka 2001, baada ya mashindano ya wazi ya miaka kadhaa, serikali ya Marekani ilikubali kuwa kanuni yake rasmi fumbo lililotungwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, liitwalo AES, ambalo idadi ya funguo zake ziwezekanazo, katika daraja lake la juu, ukitaka kuiandika utahitaji tarakimu 78. Mwizi wa kujaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine hatafika, hata akipewa umri wa dunia.

Sasa tuone VPN ifanyavyo kazi. Chukulieni kwamba mhasibu wa nyumba ya biashara ya Unguja amekwenda Dubai kuonana na mawakala, akaketi katika ukumbi wa hoteli, akafungua kompyuta yake kwa Wai-Fai ya wageni ili atazame hesabu za ghala la nyumbani. Kila analolituma hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande huandikwa anwani ya kinakotoka na ya kinakokwenda, mithili ya barua. Pasipo VPN, mwenye hoteli, na kampuni inayompa intaneti, na yeyote aliyejipenyeza katikati, huzisoma anwani zile, na pengine na yaliyomo. Ikiwapo VPN, programu iliyomo katika kompyuta ya mhasibu huichukua ile barua nzima, pamoja na anwani zake, ikaifumba, ikaitia ndani ya bahasha nyingine ambayo juu yake anwani ya inakokwenda ni moja tu, ile ya seva ya kampuni iliyoko Unguja. Huko ndiko bahasha hufunguliwa, barua ikaendelea na safari yake ndani ya ofisi kana kwamba mhasibu ameketi katika kiti chake cha kila siku. Aliye njiani ataona kwamba kompyuta hii inazungumza na seva ile, ataona saa ya mazungumzo na ukubwa wa mzigo, basi. Wala asidhani mtu kwamba hayo machache ni bure, kwani mshindani akijua kwamba nyumba fulani imekuwa ikizungumza na seva ya Mombasa usiku kucha katika juma la mnada, amejua jambo.

Insafu yanitaka niseme pia kwamba tovuti nyingi za leo, zikiwemo za benki, hufumba mawasiliano yake zenyewe, mtumiaji awe na VPN au asiwe nayo. Na wauzaji wa VPN wanaotisha watu kwamba bila bidhaa yao kila nywila ya benki itaibiwa hotelini huwa wametia chumvi nyingi. Faida kubwa kwa mfanyabiashara iko penginepo, nayo huzungumzwa kidogo kwa sababu haina mbwembwe. Nyumba nyingi za biashara zina programu za hesabu, daftari za ghala, mafaili ya mishahara na kamera za ulinzi, na ili meneja azitazame akiwa safarini, fundi huziweka wazi katika intaneti, kila kitu na nywila yake, baadhi yake nywila ileile iliyokuja na mtambo kutoka kiwandani. Wezi hawahitaji kuijua kampuni kwa jina. Programu zao huzunguka usiku na mchana zikigonga kila anwani iliyomo duniani ili zione ipi itaitika. VPN ya kampuni huviondoa vitu hivyo vyote machoni pa watu, kikabaki kimoja tu cha kugongwa, ambacho kimeundwa kwa ajili ya kugongwa na kukataa. Na kampuni yenye matawi mawili, tuseme Dar es Salaam na Mwanza, huweza kuunganisha ruta zake mbili kwa njia hiyo, makarani wa pande zote wakafanya kazi kama walio chini ya paa moja, pasipo kukodi waya wa peke yao ambao gharama yake huwashinda wengi.

Kuna jambo ambalo watu hulipita haraka, nami sitaki tulipite. Bahasha ya nje lazima ifunguliwe mahali fulani, na aliyepo hapo huona yote ambayo mwenye hoteli alinyimwa. Ikiwa seva ni yako, umeketi wewe mwenyewe mahali hapo; ikiwa umepakua programu ya bure katika simu, ameketi mtu usiyemjua, pengine katika nchi usiyoijua, naye analipa seva, umeme na mafundi kwa fedha ambayo hukumpa wewe. Yampasa mtu mzima ajiulize fedha hiyo hutoka wapi. Kampuni ya Facebook ilinunua mwaka 2013 kampuni ya Israeli iitwayo Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure ikitangazwa kuwa ni kinga ya mtumiaji, na kumbe habari za programu ambazo watu walizitumia na muda waliotumia zilikuwa zikikusanywa kwa manufaa ya biashara ya mwenye kuitoa. Apple iliifanya iondolewe katika duka lake mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni husika faini ya dola za nchi hiyo milioni 20 kwa kuwapotosha wateja. Ikiwa jina kubwa kama hilo lilifanya hayo, sembuse programu isiyo na jina iliyojaa matangazo ya kamari. Mfanyakazi anayetuma ankara za tajiri wake kwa VPN ya bure amemkimbia jirani mwenye macho akaenda kumkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba.

Kwa upande wa namna za VPN nitasema kwa muhtasari. Ipo ya kale iitwayo PPTP, ya miaka ya 1990, ambayo ruta nyingi za zamani bado zinayo na mafundi wavivu bado huiweka kwa kuwa ni rahisi. Tangu mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba ulinzi wake waweza kuvunjwa kwa muda usiozidi siku moja, kwa hiyo anayeitumia leo hana ulinzi ila jina lake. Ipo IPsec, ambayo ni imara na hupatikana katika mitambo ya kampuni kubwa, lakini mipangilio yake ni msitu. Ipo OpenVPN, iliyoanza mwaka 2001, ambayo imetumika muda mrefu na kuaminika. Na ipo WireGuard ya Jason Donenfeld, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020, ambayo sifa yake kubwa ni ufupi: programu yake ilikuwa na mistari ipatayo elfu nne, kiasi ambacho mtaalamu mmoja aweza kukisoma na kukikagua, ilhali wenzake wana mistari elfu kwa elfu isiyosomeka na mtu mmoja katika uhai wake. Hizi mbili za mwisho ni bure kwa mwenye fundi anayejua kazi.

Lakini uimara wa fumbo si mwisho wa habari, na kisa nitakachoeleza sasa ndicho kilichonifanya nichague maudhui haya. Kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani inamiliki bomba la mafuta la maili zipatazo 5,500, litokalo Texas hadi upande wa New Jersey, nalo hupitisha karibu nusu ya mafuta yanayotumika katika pwani ya mashariki ya nchi ile. Mwezi Aprili mwaka 2021 wezi waliingia katika mtandao wa kampuni hiyo. Hawakuvunja fumbo, wala hawakuhitaji kuwa na elimu ya al-Kindi wala ya Hellman. Waliingia kwa VPN ya kampuni yenyewe, kwa akaunti ya mtumiaji mmoja ambayo ilikuwa haitumiki tena na wala haikuwa imefungwa. Nywila ya akaunti hiyo ilionekana baadaye miongoni mwa nywila zilizovuja na kutapakaa katika masoko ya wezi, na yadhaniwa kwamba mwenyewe aliitumia nywila hiyohiyo mahali pengine. Mkuu wa kampuni, Joseph Blount, alipofika mbele ya maseneta mwezi Juni, aliwaambia kwamba nywila ile haikuwa ya mzaha, ilikuwa ngumu. Sina sababu ya kumkadhibisha. Ila nywila ngumu iliyokwisha kujulikana ni sawa na nyepesi, na VPN ile ya zamani haikudai kitu kingine zaidi ya nywila, hata ile namba ya mara moja itumwayo katika simu ya mtumiaji, ambayo sisi huku tumeizoea kwa miamala ya shilingi elfu kumi.

Tarehe 7 Mei asubuhi karani mmoja katika chumba cha uendeshaji aliona juu ya kioo cha kompyuta yake barua ya kudai fidia. Wezi walikuwa wameyafumba mafaili ya kampuni kwa elimu ileile ya usimbaji tunayoisifu, na ufunguo wanao wao. Kampuni, kwa kuhofu kwamba ugonjwa ungefika katika mitambo ya bomba, ililifunga bomba lote kwa mkono wake yenyewe, likakaa hivyo hadi tarehe 12. Foleni zikawa ndefu katika vituo vya mafuta vya majimbo ya kusini mashariki, vituo vingi vikakaukiwa, na watu wakajaza mafuta katika kila chombo walichokiona, mpaka idara ya serikali inayolinda watumiaji wa bidhaa ikawatangazia raia wa taifa lililopeleka watu mwezini kwamba wasitie petroli katika mifuko ya plastiki. Kampuni ililipa bitikoini 75, ambazo siku ile thamani yake ilikuwa kama dola milioni 4.4; baadaye wizara ya sheria iliweza kuzinasa bitikoini 63.7, lakini bei ilikuwa imeshuka, zikawa na thamani ya dola milioni 2.3 hivi. Hasara yote hiyo ilianzia katika jina moja ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Pengine msikilizaji atasema kwamba hayo ni ya wakubwa, sisi tuna duka la vipuri na matawi mawili. Ndivyo, lakini tazama ofisi za kwetu: kijana wa hesabu ameacha kazi mwezi wa tatu, akaagwa kwa soda na biskuti, na mwezi wa kumi simu yake bado inafungua daftari za kampuni, kwa sababu kumfuta si kazi ya mtu yeyote kwa jina. Au nywila moja ya VPN inatumiwa na watu saba, nayo imeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya ukuta nyuma ya mlango wa stoo, ili asisumbuliwe fundi. Nimeuona ukuta wa namna hiyo, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Fauka ya hayo, mitambo ya VPN nayo huugua. Mwezi Aprili mwaka 2019 kampuni ya Pulse Secure ilitoa dawa ya kasoro kubwa katika seva zake za VPN, kasoro iliyomwezesha mtu wa nje kusoma mafaili ya ndani bila nywila yoyote. Miezi mingi baadaye, Januari 2020, serikali ya Marekani ilikuwa bado inawasihi wenye seva hizo waitumie dawa hiyo, kwani wezi walikuwa wakiingia kwa wale waliochelewa. Aliyenunua mtambo wa gharama na kuusahau ukutani amenunua jina la mtambo tu.

Nije katika sheria, maana huko ndiko wafanyabiashara wengi huuliza kwa sauti ya chini. Nchini Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza matumizi ya nyenzo zinazowezesha kuyafikia maudhui yaliyopigwa marufuku, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili; na mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Katika Falme za Kiarabu, ambako watu wetu wengi wana biashara, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 ilikuwa na faini ya kuanzia dirhamu 500,000 hadi milioni mbili kwa anayeficha anwani yake ili atende kosa, lakini mamlaka ya huko ilitamka wazi kwamba kampuni na benki zaweza kutumia VPN kwa mitandao yao ya ndani. Rai yangu ni kwamba nyumba ya biashara inayotumia VPN kulinda hesabu zake haina sababu ya kujificha, ijiandikishe pale inapotakiwa, iweke karatasi zake katika faili. Na serikali kwa upande wake zingetenda haki lau zingelifanya jambo hilo jepesi kwa muuza samaki wa Kilwa kama lilivyo jepesi kwa benki yenye mawakili, kwani urasimu ukizidi, mdogo huacha kinga yote akabaki uchi njiani.

Na lipo kosa ambalo VPN haina habari nalo kabisa. Wakala wako wa miaka mingi anakuandikia kwamba amebadili akaunti ya benki, ankara ni ileile, lugha ni yake, sahihi ni yake, nawe unalipa. Kumbe sanduku lake la barua pepe lilikuwa mikononi mwa mwizi tangu mwezi uliopita. Barua hiyo itapita ndani ya VPN yako salama salimini, imefumbwa vizuri, na hakuna atakayeisoma njiani. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea kwa mwaka 2023 peke yake malalamiko ya wizi wa namna hii yenye hasara ya takriban dola bilioni 2.9. Dawa yake haina hesabu za tarakimu 78: mpigie wakala kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo ile iliyoandikwa katika barua, umsikie kwa sauti yake kabla hujatuma hata senti.

Basi, ndugu msikilizaji mwenye nyumba ya biashara, kesho asubuhi, kabla ya chai, mwite fundi wako umwombe kitu kimoja tu: orodha ya majina yote yanayoweza kuingia katika mtandao wa kampuni yako kutoka nje. Isome mwenyewe, jina kwa jina, wala usimwachie karani. Usiyemjua, na aliyekwisha kuondoka kazini, na akaunti isiyo na mwenyewe, zifungwe mbele yako kabla fundi hajatoka mlangoni. Na waliobaki, kila mmoja awe na nywila yake peke yake pamoja na ile namba ya mara moja ya kuthibitisha katika simu.